Kurudi Iringa kwa gari dogo: Mikumi alfajiri, Kitonga kabla ya adhuhuri

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ile T1 ambayo wazee bado wanaiita Tanzam, ni miongoni mwa njia chache zinazokupitisha katikati ya hifadhi ya taifa bila kukutoza kiingilio. Baada ya Morogoro inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, inateremkia kwenye bonde la mibuyu kando ya mto Ruaha Mkuu, kisha inaukwea mlima wa Kitonga na kukutua kwenye nyanda za juu za Iringa, ambako hata hewa ni nyingine. Tunaipima hapa kwa macho ya mtu anayerudi kwao: gari la kawaida, watoto kiti cha nyuma, buti limejaa mafuta ya kula, sukari na nguo za sikukuu. Mtalii mwenye Land Cruiser na dereva wake ana mahesabu mengine.

Hukumu tunaitoa mapema. Kwa mandhari na wanyama, nyota tano. Kwa utulivu wa roho, mbili na nusu. Kinachoamua utaonja ipi ni saa unayopita, kwa sababu barabara hiyohiyo inayokuonyesha tembo saa 1 asubuhi inaweza kukulaza Kitonga nyuma ya semi iliyokatika ekseli saa 3 usiku.

Ratiba ndiyo safari

Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500: karibu 190 mpaka Morogoro, 120 nyingine mpaka Mikumi mjini, na 190 za mwisho mpaka Iringa. Wengi wanaondoka Dar saa 10 alfajiri wakitaka kumaliza zote siku hiyohiyo. Inawezekana, ni saa nane hadi kumi za usukani. Tatizo ni kwamba kwa ratiba hiyo unaingia hifadhini saa 3 na nusu au saa 4 asubuhi, jua limeshakaza na wanyama wamekwenda vivulini. Utaona swala na nyani, utasema Mikumi imeisha, kumbe umechelewa wewe.

Wapo wanaogeuza, wanaondoka Dar saa 4 asubuhi ili wapite hifadhini jioni. Wataona wanyama, ila Kitonga itawakuta gizani. Hiyo hatuipendekezi kwa yeyote, hata kwa anayesema njia hiyo anaijua kama kiganja chake.

Ratiba inayolipa ni kulala Morogoro. Toka Dar saa 8 mchana, maana Kibaha, Mlandizi, foleni ya malori kwenye mizani ya Vigwaza na Chalinze zitakula saa nne bila kukuuliza. Lala, jaza mafuta usiku huohuo, na saa 11 alfajiri uwe umeshapita mzunguko wa Msamvu: kulia kunakwenda Dodoma, wewe nyoosha. Mpaka wa hifadhi utaufikia kama saa 12 na nusu, mwanga ukiwa umetosha kuona na jua halijachoma. Mikumi mjini saa 2, chai. Ruaha Mbuyuni saa 4 na nusu. Kitonga saa 5, lami ikiwa kavu na wewe ukiwa bado na macho ya asubuhi. Iringa saa 7 mchana, ugali unakusubiri.

Gari, kabla hujaondoka

Njia yote ni lami, hivyo IST, Vitz, Premio au Noah zinatosha kabisa. Kinachozikwamisha ni mfumo wa kupoza injini na breki, na vyote viwili vinakwisha polepole pale Dar bila mwenye gari kujua, kwa kuwa Dar ni tambarare na foleni haiulizi maswali magumu.

Rejeta iwe na kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, siyo maji ya bomba. Maji matupu huchemka mapema na huleta kutu inayoziba vijia vyembamba vya rejeta. Gari kama hilo halitakusumbua Mwenge, pale Dar, lakini katikati ya mlima litachemsha. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi: ukiona rangi ya chai, fundi asafishe mfumo na ajaze upya. Mpira wa mfuniko uliokakamaa nao ubadilishwe, ni kitu cha bei ndogo, na ukishindwa kushika presha maji yanachemka kabla ya joto lake.

Breki: pedi zikiwa chini ya milimita 3, badilisha kabla ya safari, siyo baada. Fluidi ya breki iliyokaa zaidi ya miaka miwili imwagwe iwekwe mpya. Fluidi hunyonya unyevu wa hewa kidogokidogo, na pedi zikipata moto mteremkoni ule unyevu unageuka mvuke ndani ya bomba. Mvuke unabonyezeka, fluidi haibonyezeki. Ndiyo maana pedali inazama mpaka sakafuni na gari halisimami.

Tairi ziwe na upepo wa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kile cha gari lenye mzigo, na upime asubuhi kabla hazijapata joto. Tairi ya akiba nayo ipimwe. Watu hubeba tairi ya akiba isiyo na upepo kwa miaka mitatu. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga, kizimamoto, jeki, spana ya magurudumu, na dumu la maji la lita 5 ambalo halinywewi na mtu.

Mafuta: kwa gari la cc 1,300 lenye watu na mizigo, hesabu kilomita 12 kwa lita. Hiyo ni kama lita 42 kwa safari nzima, karibu tangi zima la IST. Jaza Morogoro. Ndani ya hifadhi usitegemee kituo, na usitake kufika Mikumi mjini na taa ya mafuta inawaka wakati tembo wameamua kukaa barabarani.

Morogoro hadi Doma: kilomita za tochi

Milima ya Uluguru inabaki kushoto kwako kwa muda mrefu, asubuhi ikiwa imevaa ukungu mabegani. Ni kipande kizuri, ila macho yako yatakuwa kwenye vibao. Kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kibao kuna trafiki na tochi yake ya kupimia mwendo. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na kosa la kilomita 57 halina mjadala. Usidanganyike na gari la mbele linalokwenda 90, hasa yale ya IT, magari yaliyotoka bandarini yakiendeshwa kwenda Tunduma na kuvuka mpaka. Hayo yana haraka zake. Yaache yapite.

Mikumi: kilomita 50 za kutazama

Baada ya kijiji cha Doma utakuta vibao vya hifadhi. Mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na matuta yamewekwa ili usisahau. Kuna kibao kikubwa kinachoorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake kwa dola. Kisome kwa sauti watoto wasikie. Ni somo la hesabu na la uraia kwa pamoja.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230. Jina limetokana na mikumi, miti mirefu ya jamii ya mvumo yenye shina lililotuna katikati, ambayo utaiona imesimama mmojammoja. Ukitoka Morogoro, uwanda wa mafuriko wa Mkata unafunguka upande wa kulia. Huko ndiko kwenye nyasi, na kwenye nyasi ndiko waliko nyumbu, pundamilia na nyati. Anayekaa kiti cha kushoto mbele ajue atalazimika kuchungulia. Kama kuna mtoto mmoja mwenye macho makali, mkalishe nyuma kulia.

Namna ya kutazama ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Usitafute mnyama, tafuta kitu kisichofanana na jirani yake. Twiga anaonekana kwanza kama mti usio na matawi. Tembo mbali huwa ni kivuli cha kijivu kinachohama. Swala pala wakiwa wote wamegeuza vichwa upande mmoja, punguza mwendo, kuna kitu upande huo. Simba ni bahati. Mvua zikinyesha, ule udongo mweusi wa mbuga unakuwa tope zito, na simba hupenda kukaa juu ya vichuguu, wakati mwingine hata juu ya miti. Kwa hiyo kichuguu chenye umbo la ajabu kitazame mara mbili.

Nyani ndio wenyeji wa lami. Nyani njano wa Mikumi wamefuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1970, na wanajua ratiba za malori kuliko mawakala wa mabasi. Hukaa ukingoni wakiokota mahindi yaliyodondoka kutoka kwenye malori yanayoshuka kutoka Nyanda za Juu Kusini. Hapo ndipo wanapogongwa. Kila ganda la ndizi linalotupwa dirishani linamleta mnyama mmoja barabarani, na nyuma yako kuna semi ya tani nyingi isiyoweza kukwepa. Usitupe kitu, hata kama wa gari la mbele ametupa. Na vioo viwe vimepandishwa: nyani akishaingiza mkono hatoki bila mfuko wa chapati.

Tembo wakiwa karibu na barabara, usipige honi wala usiwashe taa kali. Simama mbali, walau mita 50, washa taa za hatari ili walioko nyuma wajue, acha injini inanguruma, na hakikisha una nafasi ya kurudi nyuma. Tembo anayekula kwa utulivu, mkia ukicheza, hana neno na wewe. Akikugeukia uso mzima, masikio yameenea na mkonga umeinuliwa, huo ni ujumbe. Rudi nyuma polepole. Kosa la wengi ni kupita katikati ya kundi lililokwisha kuvuka nusu: mama yuko kushoto, mtoto kulia, na wewe umejiweka katikati ya ugomvi wa familia. Subiri mpaka wa mwisho avuke, kisha hesabu mpaka ishirini, maana mara nyingi kuna mmoja alikuwa nyuma ya kichaka.

Kushuka kwenye gari ni marufuku, na hapa ndipo wasafiri wa mabasi wanapopata tabu: hakuna kuchimba dawa ndani ya hifadhi. Mliotoka na watoto, wapelekeni msalani Morogoro, wawe wanataka au hawataki.

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, nyasi ni fupi na unaona mbali. Huo ndio wakati bora. Masika kila kitu ni kijani, picha zinapendeza, lakini nyasi ndefu zinaweza kumficha nyati mzima hatua kumi kutoka lami. Desemba, wakati wengi ndio wanaporudi makwao, iko katikati: vuli imechipusha majani mapya, wanyama wapo, ila magari nayo yapo.

Kwa mwenye saa tatu za ziada, lango la Kikoboga liko palepale barabarani, kulia. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na ada ni ndogo kulinganisha na ya wageni. Malipo ni kwa kadi au namba ya kumbukumbu, usitegemee noti. Bwawa la viboko liko kama kilomita 5 kutoka langoni, na kiangazi gari dogo linalipata bila shida. Mvua ikiwa imenyesha usijaribu: tope la mbuga halina urafiki na IST. Tunaona kuingia kuna thamani ikiwa kuna watoto ambao hawajawahi kumwona kiboko. Wengine, barabara kuu imeshawapa vya kutosha.

Usiku, Mikumi ni barabara nyingine kabisa. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, wengi wanapita hapa wamelala. Kwa dereva wa gari dogo ni hasara mara mbili: huoni kitu zaidi ya macho yanayong'aa, na lami hutunza joto la mchana, kwa hiyo wanyama hupenda kusimama au kulala juu yake. Nyati mweusi juu ya lami nyeusi, unamwona akiwa ameshafika kwenye boneti.

Mikumi mjini

Mji ni wa kupita: mafuta, chai, msalani, mizani ya malori. Kushoto kuna njia ya Kidatu na Ifakara inayokwenda Mang'ula, lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Hiyo ni safari ya siku nyingine. Anayetaka kuona maporomoko ya Sanje, yenye mita 170, alale huko.

Chukua nusu saa hapa. Gusa tairi kwa kiganja: moja ikiwa na joto kuliko wenzake, aidha upepo umepungua au breki inashika. Ni rahisi kulijua hili Mikumi kuliko kulijua mlimani.

Iyovi na bonde la mibuyu

Watu hukizungumzia Kitonga na kukisahau kipande hiki, na ni kosa. Kutoka Mikumi barabara inajikunja na kushuka kwenye vilima vya Iyovi, kona baada ya kona. Ajali nyingi za uchovu huanzia kwenye barabara za namna hii, ambapo dereva amemaliza msisimko wa tembo na akili imelegea. Malori yanayopanda kutoka upande wa pili hukata kona kwa kuingia upande wako. Kaa kushoto kabisa, na usimpite mtu kwenye kona hata kama semi ya mbele inakwenda kilomita 15 kwa saa.

Lugha ya taa iko hivi: semi ya mbele ikiwasha indiketa ya kushoto, anakwambia mbele ni peupe, pita. Akiwasha ya kulia, usithubutu. Ukipita, piga honi fupi mara moja, ndiyo shukrani. Lakini indiketa ya kushoto ni ushauri, siyo hati. Anayeendesha gari lako ni wewe, na dereva wa semi haoni kilichoko nyuma ya kona ya pili.

Ukikuta matawi mabichi yametandikwa barabarani, punguza hapohapo. Ni pembetatu ya wenyeji: mbele kuna gari limeharibika, mara nyingi limesimama ndani ya njia kwa sababu bega la barabara ni jembamba. Lori likishatengenezwa, dereva huondoka na kuyaacha matawi palepale. Hivyo utapunguza mara kumi bure na mara ya kumi na moja litakuwepo. Punguza zote kumi na moja.

Kisha bonde linafunguka, na joto linapanda ghafla. Mibuyu imesimama pande zote, mamia kwa mamia, mashina ya rangi ya tembo, mengine mapana kuliko gari lako. Kiangazi haina jani hata moja na inaonekana kama imepandwa kichwa chini. Mvua zikianza inavaa kijani cha kung'aa. Safu za Udzungwa ziko kushoto, bluu. Kama kuna mahali pa kupiga picha kwenye safari yote ni hapa, na hapa si hifadhini, kwa hiyo unaweza kushuka. Tafuta sehemu ambayo gari lote linatoka nje ya lami, siyo nusu.

Daraja la Ruaha Mkuu ni mlango wa Mkoa wa Iringa. Ng'ambo yake ni Ruaha Mbuyuni, na pande zote mbili za barabara ni vitunguu vyekundu kwenye mifuko ya wavu, vimepangwa kama matofali. Usinunue sasa. Tutavirudia.

Kitonga

Baada ya Mahenge mlima unasimama mbele yako na unaona malori juu, madogo kama siafu, yakitambaa kwenye ukingo. Huko ndiko unakokwenda. Kabla ya kuanza kupanda zima AC. Kwenye gari la otomatiki la gia nne, bonyeza kitufe cha O/D mpaka taa ya O/D OFF iwake kwenye dashibodi. Kwenye mwinuko mkali weka 2. Premio za CVT, giaboksi isiyo na ngazi za gia, zina S, itumie. Otomatiki ikiachwa kwenye D yenyewe hupandisha gia, ikaona nguvu haitoshi, ikashusha, ikapandisha tena, na kila mara hailiki, yaani mafuta ya giaboksi, inapata moto. Kwa gari la gia za mkono, chagua gia ya pili mapema. Kubadilisha gia katikati ya kona, nyuma ya lori, ndipo gari linapozimika.

Mwendo ni wa malori, yaani kutembea. Acha nafasi ya magari matatu kati yako na semi ya mbele. Semi iliyobeba mzigo inapobadilisha gia hurudi nyuma kidogo, na ikishindwa hurudi sana. Ukimwona utingo anatembea kando ya lori na kabari ya mti mkononi, macho kwenye tairi ya nyuma, jua hata wenye lori hawaliamini. Ongeza nafasi.

Mshale wa joto ukianza kupanda kupita katikati, usisubiri ufike kwenye alama nyekundu. Washa hita kwa feni ya juu kabisa. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na inaweza kukuokoa. Usipofaulu, tafuta sehemu pana, simama, weka jiwe nyuma ya tairi, acha injini inguruma bila kukanyaga mafuta kwa dakika mbili tatu, kisha zima. Kama mvuke tayari unatoka, zima mara moja. Fungua boneti, usiguse mfuniko wa rejeta kwa dakika 30 hadi 45. Ukifungua kabla, maji ya moto yatakurukia usoni. Hili limewaunguza wengi ambao walikuwa wanajua kabisa. Injini ikishapoa, washa na umimine maji kidogokidogo huku inanguruma. Maji baridi yakimwagwa yote kwa mpigo kwenye injini ya moto hupasua silinda hedi, na hapo safari imeishia kwenye bredauni, gari la kuvuta magari mabovu.

Kuhusu foleni. Lori moja likifia kwenye kona, mlima mzima unasimama, na inaweza kuchukua saa nyingi. Kinachoifanya iwe mbaya zaidi ni kutanua: magari madogo yanayoona foleni yanahama kwenda njia ya wanaoshuka, yanakutana uso kwa uso na mabasi, na sasa hakuna wa kwenda mbele wala nyuma, na bredauni yenyewe haina pa kupita. Kaa kwenye mstari. Maji ya kunywa, biskuti na mkate vitoke buti mapema, viwe mkononi.

Ukifika juu, upepo unabadilika ndani ya dakika chache. Fungua vioo. Ilula ni kama kilomita 45 kabla ya Iringa, na mwezi wowote wa nyanya utaziona kwenye matenga kando ya barabara. Wakati wa mvua kuna ulanzi pia, uliogemwa kwenye mianzi: wa asubuhi ya leo ni mtamu kama juisi, wa jana ni pombe kamili, na kwa macho hutofautishi. Dereva asionje. Ipogolo ikionekana, ongeza kilomita chache za kupanda kwenda mjini, na hapo ndipo utakapokumbuka kwamba masweta yako chini kabisa ya buti.

Wa basi nao

Kwenda Iringa, omba kiti cha dirishani upande wa kulia, upande wa dereva, kwa ajili ya uwanda wa Mkata. Basi linalotoka Dar saa 12 asubuhi litapita Mikumi jua likiwa juu, hivyo shusha matarajio. Treni ya SGR, inayobeba abiria tangu 2024, inaweza kukufikisha Morogoro jioni ukalala huko, kisha ukatafuta usafiri wa asubuhi. Unapunguza uchovu wa Kibaha na Chalinze, ila unapaswa kukubali kiti utakachopata.

Kurudi Dar: kushuka ni kugumu zaidi

Anayejua kupanda Kitonga hajui bado kushuka. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia: 2 au L, gia ya pili kwa gari la mkono. CVT pekee ndiyo tofauti, kushuka tumia B kama ipo. Injini ndiyo breki. Pedali ni ya kusaidia. Ikanyage kwa nguvu sekunde chache mpaka mwendo upungue, kisha achia kabisa breki zipoe. Kuishikilia kidogokidogo mteremko mzima ndiko kunakopika pedi. Dalili ya kwanza ni harufu ya kitu kama klachi iliyoungua, ya pili ni pedali laini. Kwenye ya kwanza tafuta pa kusimama, pumzisha nusu saa, na usimwagie magurudumu maji: diski ya moto ikipata maji baridi hupinda, na kuanzia hapo usukani utatetemeka kila ukifunga breki. Usiweke N kamwe ili kuokoa mafuta.

Hapo ndipo lilipo suala la nyanya na vitunguu. Matenga mawili ya nyanya yakinunuliwa Ilula yanaongeza uzito kwenye breki zako kabla tu ya mteremko, na bondeni joto la buti litazipasua. Ukizitaka, chukua zinazoanza tu kugeuka rangi, tenga moja, liwe ndani na abiria. Vitunguu ni vya Ruaha Mbuyuni, mlima ukiwa umeshauacha nyuma. Bonyeza shingo ya kitunguu kwa kidole gumba: ikiwa laini na mbichi kitaoza ndani ya wiki mbili, ikiwa imekauka kama karatasi kitakaa. Mwombe muuzaji amwage mfuko mmoja chini, maana vya juu na vya katikati mara nyingi havijuani. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo, liache, halitaingia buti na mshono wake utakatikia Chalinze. Mifuko ya wavu ilazwe bapa, juu ya mabegi, siyo chini yake, na dirisha moja la nyuma liachwe wazi kidole kimoja mpaka Dar.